Rossellini: Mwongozaji Aliyeiacha Sinema Ili Awafundishe Watu

Wasomaji wa makamo bila shaka wanalikumbuka jina la Ingrid Bergman, mchezaji sinema mashuhuri wa Sweden, na kwa hiyo huenda wamewahi kulisikia jina la Roberto Rossellini, Mwitaliano aliyemwoa baada ya kisa kilichojaza magazeti ya dunia nzima. Wapenzi wa filamu wanamjua zaidi kwa picha moja, Roma città aperta, aliyoitengeneza mwaka 1945 wakati ambapo mizinga ilikuwa bado inanguruma kaskazini mwa Italia.

Leo nataka kuyasimulia maisha yake yote, kwa maana sehemu inayonivutia mimi zaidi ndiyo ile isiyotajwa sana. Katika miaka yake kumi na mitano hivi ya mwisho, mtu huyu aliyekwisha kupata sifa ya kumtosha aliipa sinema kisogo kwa hiari yake, akaenda kufanya kazi katika televisheni ili watu wa kawaida wapate elimu ndani ya nyumba zao. Wenzake wengi walidhani amerukwa na akili. Naamini msomaji akishajua alikotoka mtu huyu, ataelewa kwa nini alifanya hivyo.

MTOTO WA MJENZI

Rossellini alizaliwa Roma tarehe 8 Mei, 1906, katika jamaa ya watu wenye nafasi. Baba yake alikuwa mkandarasi, na miongoni mwa majengo aliyoyajenga mjini humo lilikuwamo jumba la sinema. Kijana Roberto alikuwa na ruhusa ya kuingia humo bure wakati wowote, naye aliitumia ruhusa hiyo barabara. Akatazama filamu mpaka zikamwingia damuni.

Shule haikumkaa sana moyoni. Alipenda magari ya mbio na starehe za mjini, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto hakuacha mapenzi hayo ya magari, kwani mwaka 1953 alishiriki katika mashindano makali ya Mille Miglia. Baba yake alipofariki, ilimbidi atafute kazi. Alianzia chini kabisa katika ufundi wa sinema, akishughulikia sauti, akisaidia hapa na pale, kisha akaandika hadithi na kutengeneza filamu fupi za wanyama na samaki. Mwaka 1936 alimwoa Bi Marcella De Marchis, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, Romano na Renzo.

KIVULI CHA ETHIOPIA

Hapa sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna budi kusimama kidogo. Mwezi Oktoba 1935 dikteta Benito Mussolini alituma majeshi yake kuivamia Ethiopia, jirani yetu. Waitaliano walitumia ndege na gesi ya sumu juu ya watu ambao wengi wao hawakuwa na silaha za kujikinga na vitu hivyo. Ukoloni huo ulidumu mpaka mwaka 1941, uliposhindwa na majeshi yaliyokuwamo askari wa King's African Rifles kutoka hapa kwetu. Mateka wa Kitaliano walioletwa Kenya ndio waliojenga kile kikanisa kidogo kilicho kando ya barabara ya zamani ya Mai Mahiu, mwaka 1942.

Sasa, mwaka 1938 ilitoka filamu iliyoitwa Luciano Serra, pilota, iliyowatukuza marubani wa Italia katika vita hivyo vya Ethiopia. Msimamizi wake alikuwa Vittorio Mussolini, mwana wa dikteta. Filamu hiyo ilipata zawadi kubwa katika tamasha la Venice, zawadi yenyewe ikiitwa kwa jina la Mussolini. Mmoja wa walioandika hadithi yake alikuwa Roberto Rossellini, aliyekuwa rafiki wa huyo Vittorio.

Hakuishia hapo. Kati ya mwaka 1941 na 1943 aliongoza filamu tatu zilizohusu jeshi la Italia vitani. Ya kwanza ilihusu wanamaji, ya pili rubani, na ya tatu padri wa jeshi katika vita vya Urusi. Wapo wataalamu wanaozitetea filamu hizo kwa kuwa ndani yake huruma inashinda majigambo, na kwamba tayari alikuwa akiwatumia watu wasiokuwa waigizaji. Huenda ni kweli. Hata hivyo mimi siwezi kuificha habari hii, maana mtu akiiruka hatamwelewa Rossellini. Alifahamu kutoka jikoni jinsi filamu inavyoweza kutumiwa kuwadanganya watu. Nadhani jambo hilo halikumtoka akilini maisha yake yote.

ROMA BAADA YA WAJERUMANI

Mwezi Septemba 1943 Wajerumani waliiteka Roma, wakaushika mji kwa miezi tisa. Tarehe 24 Machi, 1944, waliwaua watu 335 katika mapango ya Ardeatine nje ya mji, miongoni mwao padri mmoja aliyeitwa Pietro Pappagallo. Siku chache baadaye padri mwingine, Giuseppe Morosini, alipigwa risasi kwa kosa la kuwasaidia wapinzani wa Wajerumani. Na mapema mwezi huo huo wa Machi, mama mmoja mja mzito, Teresa Gullace, alikuwa ameuawa barabarani alipokuwa akijaribu kumwendea mumewe aliyekamatwa.

Majeshi ya Muungano yaliingia Roma tarehe 4 Juni, 1944. Miezi michache tu baadaye, Rossellini pamoja na mwandishi Sergio Amidei na kijana aliyeitwa Federico Fellini, ambaye baadaye naye alivuma duniani, walikaa wakatunga hadithi kutokana na mambo hayo waliyoyashuhudia. Januari 1945 wakaanza kupiga picha.

Vifaa vilikuwa haba. Studio kubwa za Cinecittà zilikuwa zimejaa watu waliopoteza makao yao. Umeme ulikatika ovyo. Mikanda ya filamu ilinunuliwa vipande vipande popote ilipopatikana, na sauti haikunaswa palepale bali iliongezwa baadaye ili kupunguza gharama. Waigizaji wawili wakuu, Bi Anna Magnani na Bw Aldo Fabrizi, walikuwa wakijulikana zaidi kwa vichekesho. Rossellini akampa Fabrizi kazi ya padri anayeuawa, naye Magnani akawa Pina, mjane mja mzito anayemkimbilia mchumba wake aliyetiwa ndani ya lori la Wajerumani.

Aliyeiona picha hiyo hawezi kumsahau mwanamke yule akikimbia katikati ya barabara, mkono ameunyosha mbele, kisha mlio wa risasi, kisha mwili uliolala chini na mtoto akiulilia. Linatokea kwa ghafla. Hakuna muziki wa kutuonya. Katika filamu za kawaida mtu mashuhuri kama yeye angekufa mwishoni, baada ya maneno marefu. Hapa anakufa hadithi ikiwa bado katikati, kama watu wafavyo vitani.

Filamu hiyo ilipooneshwa Roma mwezi Septemba 1945, wakosoaji wengi hawakuisifu sana. Mwanajeshi mmoja wa Marekani, Rod Geiger, ndiye aliyeipeleka New York, na huko ikaendelea kuoneshwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 1946 ikawa miongoni mwa filamu zilizopata zawadi kuu katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Dunia ikaanza kuzungumza juu ya uhalisia mpya wa Waitaliano, yaani kuipeleka kamera mitaani kwa watu wa kawaida badala ya kujenga mitaa ya mbao ndani ya studio.

VIATU VYA ASKARI MWEUSI

Mwaka 1946 alitoa Paisà, filamu ya hadithi sita zinazopanda na nchi ya Italia kutoka Sicily, kusini, mpaka mto Po, kaskazini, nyuma ya majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele. Hadithi ya pili ndiyo ninayoipenda kupita zote, nami naona Mwafrika yeyote ataipenda.

Askari mweusi wa jeshi la Marekani, aliyeigizwa na Dots Johnson, amelewa mjini Naples. Mtoto wa mitaani anamkamata, anamzungusha mji, na mwishowe askari yule anapopitiwa na usingizi, mtoto anamwibia viatu. Kabla ya kulala, askari alikuwa akijisimulia jinsi atakavyopokewa kwao kama shujaa, halafu ghafla akakumbuka kwamba kwao ni kibanda kibovu na wala hataki kurudi huko. Baada ya siku kadhaa anamwona yule mtoto, anamshika, anamlazimisha ampeleke kwa wazazi wake avipate viatu vyake. Wanafika kwenye pango kubwa ambamo mamia ya watu maskini wanaishi gizani. Mtoto anamwambia kwamba hana baba wala mama, wameuawa kwa mabomu. Askari yule, ambaye kwao Marekani alibaguliwa kwa rangi yake, anatazama huku na huko. Viatu vinamwanguka mkononi. Anaondoka bila neno.

Hakuna anayehubiri katika hadithi hiyo. Rossellini ametuonesha tu mtu mnyonge akimtambua mnyonge mwenzake. Tukikumbuka kwamba miaka minane nyuma mtu huyu aliandika hadithi ya kuwasifu marubani wa vita vya Ethiopia, tutaona alikuwa ametembea njia ndefu.

Lakini mwaka huo huo wa 1946 msiba mkubwa ulimfika. Mwanawe Romano, mwenye umri wa miaka tisa, alifariki huko Hispania kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Mwaka uliofuata Rossellini alikwenda Berlin iliyokuwa vifusi vitupu, akapiga Germania anno zero, iliyotoka mwaka 1948. Ni hadithi ya mvulana wa Kijerumani anayehangaika kuilisha jamaa yake, ambaye anayaamini maneno ya mwalimu wake wa zamani, Mnazi, kwamba wadhaifu hawana haki ya kuishi. Anampa sumu baba yake mgonjwa, kisha anajitupa kutoka juu ya jengo lililobomoka. Rossellini aliitoa filamu hiyo kuwa kumbukumbu ya mwanawe. Mtoto wa adui yake wa jana alimlilia kama wa kwake. Pia aliweka wazi mafundisho mabaya yanavyoweza kumuua mtoto, na jambo hilo tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

KISA CHA BI BERGMAN

Mwaka 1948 Rossellini alipata barua kutoka Marekani. Bi Ingrid Bergman, aliyekuwa nyota mkubwa wa Hollywood, alikuwa ameziona filamu zake, naye akamwandikia kwamba yu tayari kuja Italia kufanya kazi naye. Mwaka 1949 wakaenda wote katika kisiwa cha Stromboli, chenye mlima wa moto, kutengeneza filamu ya jina hilo.

Bi Bergman alikuwa mke wa daktari, tena mama wa binti mmoja. Rossellini naye alikuwa na uhusiano na Bi Magnani, ambaye kwa hasira alikwenda kutengeneza filamu nyingine katika kisiwa cha jirani cha Vulcano. Habari zikavuja kwamba Bi Bergman ni mja mzito. Tarehe 2 Februari, 1950, alijifungua mtoto wa kiume, Robertino, na mwezi Machi seneta mmoja wa Colorado alisimama katika Baraza la Seneti la Marekani akamlaani mama huyo mbele ya taifa zima. Wakafunga ndoa mwezi Mei mwaka huo huo. Mwaka 1952 wakapata mapacha wa kike, Isabella na Isotta Ingrid. Isabella naye baadaye akawa mchezaji sinema wa kujulikana.

Sitaki kukaa sana kwenye kisa hicho, kwani magazeti ya wakati ule yalikimaliza. Litakalofaa kusemwa ni kwamba filamu walizotengeneza pamoja, kama Europa '51 na Viaggio in Italia, hazikupata pesa. Watazamaji walitaka kumwona nyota wa Hollywood akipendeza. Rossellini akawaonesha mwanamke mgeni anayetangatanga na kuhuzunika. Wakosoaji wa Italia waliokuwa wakimsifu wakasema ameusaliti uhalisia mpya.

Ni kijarida kimoja cha Ufaransa, Cahiers du Cinéma, kilichosimama upande wake. Vijana waliokiandikia, akina François Truffaut na Jacques Rivette, waliona katika Viaggio in Italia njia mpya ya kutengeneza filamu, na baadaye wakawa waongozaji mashuhuri wao wenyewe. Truffaut aliwahi hata kuwa msaidizi wake. Sifa za vijana, hata hivyo, hazilipi madeni, na Rossellini alikuwa na madeni kila upande. Mwaka 1957 ndoa yake na Bi Bergman ikavunjika.

INDIA NA MWANZO MPYA

Wakati huo alikuwa ameshakwenda India, ambako waziri mkuu Jawaharlal Nehru alimpokea vizuri. Huko nako alijiingiza katika kisa kingine cha mapenzi, na Bi Sonali Das Gupta, mke wa mtu, na magazeti yakawaka tena. Hapo lazima niseme wazi kwamba mtu huyu aliyewahurumia sana wanyonge wa filamu zake hakuwa mwepesi kufikiri juu ya machungu aliyowasababishia walio karibu naye. Wake zake na watoto wake walivumilia mengi.

Lakini kikazi, safari ya India ilimfungua macho. Alirudi na filamu, India: Matri Bhumi, iliyooneshwa Cannes mwaka 1959, yenye hadithi za watu wadogo wa nchi ile. Yumo mchungaji wa tembo anayetaka kuoa, na mfanyakazi wa bwawa la Hirakud ambaye kazi imekwisha na sasa hana budi kuhama. Yumo pia mzee anayetaka kumwokoa simbamarara, na kima ambaye bwana wake amefariki njiani kwa joto. Tena alirudi na picha nyingi zaidi, akazitengenezea vipindi vya televisheni vya Italia na Ufaransa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuingia kwenye nyumba za watu kwa njia hiyo.

Mwaka 1959 alitoa pia Il generale Della Rovere, hadithi ya tapeli anayegeuka shujaa gerezani. Ilipata zawadi kuu ya Venice pamoja na filamu nyingine, na pesa zikaingia. Mtu mwingine angesema sasa nimefufuka, nitengeneze nyingine kama hiyo. Rossellini alifanya kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwaita waandishi wa habari akawatangazia kwamba sinema imekufa.

MFALME ANAYESOMA UBAONI

Maoni yake yalikuwa hivi. Dunia imebadilika kwa sayansi na viwanda, lakini watu wengi hawaelewi mabadiliko hayo yametoka wapi. Sinema nayo, badala ya kuwasaidia, inawalewesha kwa mapenzi na bastola. Televisheni inaingia kwa mkulima na kwa fundi; basi na itumiwe kuwaonesha watu jinsi binadamu alivyojifunza kufikiri, kufua chuma, kutawala na kuhesabu. Alitaka kutengeneza historia ya elimu yote ya wanadamu kwa picha. Alianza na vipindi juu ya chuma, mwaka 1964. Kisha akafanya vipindi kumi na viwili juu ya jinsi binadamu alivyohangaika ili asiangamie.

Kazi iliyomletea heshima zaidi aliifanya kwa ajili ya televisheni ya Ufaransa mwaka 1966, La prise de pouvoir par Louis XIV, yaani jinsi Mfalme Louis wa 14 alivyojitwalia madaraka. Kwa nafasi ya mfalme alimchagua Bw Jean-Marie Patte, mfanyakazi wa ofisini aliyekuwa mfupi, mnene kidogo, na mwenye woga mwingi. Hakuweza kuyashika maneno yake kichwani, ikabidi aandikiwe ubaoni ayasome huku kamera ikimtazama. Ajabu ni kwamba macho yale yasiyomtazama mtu usoni, na sauti ile isiyopanda wala kushuka, vilimfaa mfalme barabara. Woga wa karani ukageuka ukali wa mtawala.

Hakuna vita kubwa ndani ya filamu hiyo. Tunaona waziri Mazarin akifa mikononi mwa madaktari wasiojua kitu. Tunamwona mfalme akiamka mbele ya watumishi na mabwana. Tunaona mishono ya nguo anayoiagiza ili mabwana wakubwa watumie fedha zao zote kwa riboni na lesi, wawe wadeni wake, wasiweze tena kumwasi. Tunamwona akila peke yake huku watu wote wamesimama wakimtazama. Mwishoni anabaki chumbani, anavua wigi na mapambo moja moja, na tunabaki tukimtazama mtu wa kawaida ameshika kitabu. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi nilielewa siasa kuliko vile nilivyowahi kuielewa katika vitabu vingi. Wakubwa wa nchi hutufunga kwa vitu tunavyovitamani wenyewe.

MAARIFA YA FUNDI MASKINI

Baada ya hapo kazi zilifuatana. Matendo ya Mitume, aliyoipiga Tunisia, ilitoka mwaka 1969. Socrates mwaka 1971. Blaise Pascal na Agostino wa Hippo mwaka 1972. Tusisahau kwamba huyo Agostino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alikuwa mtu wa Afrika, na Hippo yake iko Algeria ya leo. Zilifuata sehemu tatu juu ya Cosimo de' Medici wa Florence, kisha Descartes mwaka 1974.

Fedha za televisheni zilikuwa kidogo, lakini Rossellini alikuwa amezoea uhaba tangu mwaka 1945. Alitumia maarifa mawili. La kwanza lilikuwa lenzi ya kuvuta na kurudisha, aliyoiwekea mtambo wa kuiendesha kutoka mbali yeye mwenyewe. Kwa hiyo badala ya kuikatiza kazi mara ishirini ili kuhamisha kamera na taa, aliwaacha waigizaji wacheze tukio zima kwa mfululizo, naye akiwafuata kwa lenzi, mara karibu, mara mbali. Siku moja ilifanya kazi ya siku nyingi.

La pili lilikuwa kioo. Alipotaka kuonesha mji wa Athens wa kale, hakujenga mahekalu. Aliweka kioo mbele ya kamera, kikaakisi picha au mfano mdogo wa majengo, na sehemu nyingine ya kioo ikakwanguliwa ili waigizaji waonekane kupitia hapo. Mtazamaji aliona watu wakitembea chini ya mahekalu makubwa. Mwenye nguvu za fedha angetumia mamilioni kupata alichokipata huyu kwa kipande cha kioo.

Wapo waliolalamika. Walisema vipindi vyake ni vizito, watu wanasimama na kuzungumza tu, waigizaji hawaoneshi hisia. Nami nakiri kwamba baadhi yake vinahitaji subira. Mtu aliyezoea kukimbizwa na muziki na milio ya bastola atasinzia. Lakini nafikiri hilo alilitaka mwenyewe. Aliyewahi kuona jinsi filamu za Mussolini zilivyochezea hisia za watu mpaka wakashangilia vita, aliogopa kumchezea mtazamaji. Alitaka kumwekea jambo mezani, amwache alipime kwa akili yake. Mvulana wa Berlin alikufa kwa sababu alimwamini mwalimu bila kupima.

Mwaka 1971 alisafiri mpaka Chile kuzungumza na Rais Salvador Allende mbele ya kamera. Mazungumzo hayo yalikaa bila kuoneshwa. Televisheni ya Italia iliyatoa Septemba 1973, siku chache baada ya Allende kufariki katika mapinduzi ya kijeshi. Jambo hilo linatuonesha kwamba hata yeye hakuwa na uwezo juu ya saa ambayo neno lake lingesikika.

SIKU ZA MWISHO

Mwezi Mei 1977 Rossellini alialikwa Cannes kuwa mwenyekiti wa waamuzi. Alikuwa na umri wa miaka 71, na bado alikuwa na mipango, pamoja na filamu juu ya Karl Marx. Mwaka huo waamuzi waliipa zawadi kuu filamu ya Padre padrone ya ndugu wawili, Paolo na Vittorio Taviani. Filamu hiyo haikutengenezwa na kampuni kubwa ya sinema. Ilitengenezwa kwa fedha za televisheni ya taifa ya Italia.

Hadithi yake inatokana na maisha ya kweli ya Gavino Ledda, mvulana wa kisiwa cha Sardinia. Baba yake alimtoa shuleni akiwa mdogo, akampeleka milimani kuchunga kondoo. Akakua bila kujua kusoma, mpaka alipoingia jeshini, akajifunza, na mwishowe akawa msomi wa lugha. Hapa kwetu hatuhitaji kuelezwa hadithi ya mtoto anayetolewa darasani akachunge. Wengi tunawajua watoto hao kwa majina.

Rossellini alirudi Roma, na tarehe 3 Juni, wiki moja tu baada ya tamasha kwisha, moyo wake ulisimama. Aliacha watoto, madeni, na rundo la mikanda ambayo wengi hawakuwa wameiona. Leo televisheni zimejaa kila nyumba, na wengine wanatazama picha kwenye simu za mkononi wakiwa ndani ya matatu. Ndoto yake kwamba picha zitamfikia kila mtu imetimia kupita alivyofikiri. Ile nusu nyingine ya ndoto, kwamba zitamfikia na kitu cha kumfaa akilini, imebaki mikononi mwa wanaotengeneza vipindi, na mikononi mwetu sisi tunaochagua cha kutazama.